Huangfu Mi: Mgonjwa aliyepooza akawarithisha watu elimu ya tiba ya sindano

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu, Akampa kusikia, kuona na moyo wa kufahamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, ni nyumba chache mno zisizokuwa na mgonjwa wa muda mrefu. Yumo mzee aliyepooza upande mmoja, yumo mama ambaye goti halimruhusu tena kusujudu, yumo kijana aliyepoteza kusikia. Mgonjwa wa namna hii hubeba maradhi mawili: maradhi ya mwili, na maradhi ya kujiona kuwa amekuwa mzigo kwa watu wake. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaowauguza usiku na mchana, leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja wa China ya kale aitwaye Huangfu Mi. Huangfu ni jina la ukoo wake, na Mi ndilo jina lake mwenyewe.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 215 Miladia na kufariki mwaka 282, karibu karne tatu kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Mambo yake ya imani tunamwachia Mola wake. Sisi tunamtaja kwa jambo moja tu: alipopooza na kuwa kiziwi, hakungoja kifo, bali aliugeuza ugonjwa wake kuwa elimu ambayo watu wanaitumia mpaka leo. Elimu hiyo ni tiba ya sindano za Kichina, ambayo wengi huiita akupancha.

Wako watakaoikumbuka hapa ile kauli mashuhuri ya kuhimiza kuitafuta elimu hata ikiwa China. Wanazuoni wa hadithi wameihukumu kauli hiyo kuwa ni dhaifu, wala haifai kumnasibishia Mtume (S.A.W.) bila ya tahadhari. Hata hivyo, wajibu wa kutafuta elimu yenye manufaa na ruhusa ya kujitibu zimethibiti kwa dalili nyingine zilizo sahihi, na hizo zinatutosha.

Kijana asiyependa kitabu

Huangfu Mi alitoka katika ukoo mkubwa uliopungukiwa. Babu wa baba yake, Huangfu Song, alikuwa jemadari mashuhuri wa dola ya Han, aliyepigana na waasi wa vilemba vya manjano mwaka 184. Asili ya ukoo huo ni kaskazini-magharibi ya China, katika eneo ambalo leo limo baina ya majimbo ya Gansu na Ningxia. Inafaa kufahamu kwamba katika ardhi hiyo hiyo wanaishi leo ndugu zetu wengi Waislamu wa kabila la Hui.

Angali mdogo alitolewa akalelewa na ami yake, wakahamia Xin'an, upande wa mashariki. Huko alikua kijana asiyekuwa na kazi wala masomo. Alizurura bila ya mpaka, hata baadhi ya watu wakadhani kuwa akili yake ina upungufu. Alifikisha umri wa miaka ishirini akiwa katika hali hiyo.

Siku moja alipata matikiti na matunda mengine, akampelekea mke wa ami yake, bibi wa ukoo wa Ren, ambaye ndiye aliyekuwa mama yake mlezi. Alitarajia kusifiwa. Badala yake mama yule alimwambia kuwa hata angemletea nyama za kila aina kila siku, hilo lisingekuwa wema kwa mzazi maadamu macho yake hayatazami kitabu na moyo wake hauingii katika maarifa. Akajiuliza mbele yake kama kosa ni lake yeye mlezi, pengine hakumchagulia majirani wema, au labda malezi yake yalikuwa na kasoro. Kisha akamweleza kuwa elimu anayoikimbia ni faida ya nafsi yake mwenyewe, mama hatapata kitu humo. Alipokwisha kusema, akalia.

Hakumpiga wala hakumfukuza. Machozi yale yalifanya kazi ambayo fimbo isingeweza kuifanya. Huangfu Mi alitoka hapo akaenda kwa mwalimu wa kijiji chao, Xi Tan, akaanza kusoma kwa bidii. Nyumba yao ilikuwa maskini, kwa hiyo alilima kwa mikono yake huku amechukua vitabu shambani, akisoma kila alipopata nafasi. Alizama katika vitabu mpaka akasahau kula na kulala, na watu wakampa lakabu yenye maana ya mlevi wa vitabu.

Ugonjwa unaingia

Alipokuwa katika miaka ya thelathini na kitu, elimu yake ikiwa imeanza kukomaa, alipatwa na maradhi ambayo Wachina wa zama hizo waliyaita maradhi ya upepo. Nusu ya mwili wake ilikufa ganzi, na mguu wake wa kulia ukakonda. Katika barua aliyomwandikia mfalme baadaye alieleza kuwa amekaa katika hali hiyo kwa miaka 19. Wanaosimulia habari zake wanasema kuwa hata katika maumivu yale kitabu hakikutoka mkononi mwake.

Kisha, baina ya mwaka 256 na 260, ukamjia mtihani juu ya mtihani. Upepo ule ulirudi kwa nguvu, na safari hii ukaambatana na uziwi. Kwa muda wa siku mia moja alikuwa hasikii. Waganga aliowategemea wakamtibu, lakini aliona kuwa tiba zao ni za juu juu, hazifiki kwenye shina la ugonjwa.

Hapo ndipo alipoamua kuitafuta elimu ya tiba mwenyewe. Akawa haoni fahari kuwa mwanachuoni wa historia na fasihi ilhali hajui kinachomsibu yeye na wazee wake. Katika utangulizi wa kitabu chake anaonesha kuwa mtu asiyejua lolote la tiba hubaki mikono mitupu siku wazazi wake wanapougua, hata akiwa na moyo wa huruma kiasi gani.

Kitabu chenye juzuu 12

Elimu ya sindano ilikuwepo kabla yake kwa karne kadhaa, lakini ilikuwa imetawanyika. Vilikuwepo vitabu vitatu vikubwa: viwili vilivyonasibishwa kwa mfalme wa kale aitwaye Mfalme wa Manjano, na cha tatu kilichoeleza nukta za mwili zinazochomwa sindano. Maneno yalijirudia, mahali pengine yalipingana, na mwanafunzi hakujua aanzie wapi. Huangfu Mi aliviweka vitabu hivyo vitatu pamoja, akaondoa yaliyojirudia, akapanga kila jambo katika mlango wake. Kazi hiyo ikazaa kitabu cha juzuu 12 na milango 128, kinachojulikana kwa jina la Zhenjiu Jiayi Jing. Ni miongoni mwa vitabu vikongwe kabisa vilivyotufikia ambavyo vimeipanga elimu ya sindano kwa utaratibu kamili.

Ndani yake amezitaja nukta 349 kwa majina yake: 49 ziko kwenye mstari wa katikati ya mwili, na 300 ziko jozi, kulia na kushoto. Kwa kila nukta ameeleza mahali ilipo, sindano iingie kwa kina gani, na mara nyingi akataja iachwe kwa muda wa pumzi ngapi. Ameeleza pia kutibu kwa moto wa majani makavu yanayochomwa juu ya nukta hizo au karibu nazo. Vilevile ameonya juu ya mahali pasipochomwa na hali ambazo mgonjwa hafai kuguswa. Sindano tunayoizungumzia hapa si ya kupiga dawa. Ni sindano nyembamba isiyopitisha kitu chochote, ichomwayo na kuachwa kwa muda kisha ikaondolewa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kuwa mlango wa kwanza kabisa wa kitabu haukuanza na sindano. Ulianza na roho, hisia na viungo vya ndani, jinsi huzuni, hofu, hasira na furaha iliyopindukia zinavyoudhoofisha mwili. Kwake yeye tabibu anayeona goti tu bila ya kumwona mwenye goti hajaanza kutibu.

Sikio na mwili katika tiba moja

Mtu aliyepooza mwili na kuziba masikio kwa wakati mmoja hawezi kuamini kuwa sikio ni kitu mbali na mwili. Wachina wa kale walishika rai kuwa mwili una njia zinazopitisha nguvu ya uhai, na kwamba njia hizo hukutana kwenye sikio. Huangfu Mi aliipokea rai hiyo na kuipa nafasi yake. Kitabuni mwake uko mlango mahsusi wa nukta zilizo mbele na nyuma ya sikio, na uko mlango mwingine wa maradhi ya sikio.

Ukitazama tiba ya uziwi katika elimu hii, utaona mambo mawili yakienda sambamba. Kwanza ziko nukta za karibu, mbele ya sikio, zenye majina yanayomaanisha Mlango wa Sikio, Kasri la Kusikia na Makutano ya Kusikia. Pili ziko nukta za mbali, kama ile iliyo mgongoni mwa kiganja, juu kidogo ya baina ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, na nyingine iliyo upande wa nje wa mkono juu ya kifundo. Tabibu huchoma karibu na penye ugonjwa, na huchoma mkononi pasipouma. Sikio linatibiwa kwa kupitia mwili.

Njia ya kinyume chake, yaani kuutibu mwili kwa kupitia sikio, ilikuja kupangwa vizuri baada ya karne nyingi, tena na mtu wa Ufaransa. Mwaka 1951 daktari Paul Nogier wa mji wa Lyon aliona wagonjwa wenye alama ndogo ya kuchomwa moto ndani ya sikio. Waliumwa na mshipa wa nyonga na mguu, wakaenda kwa mganga wa kienyeji wa kike, na walidai kuwa wamepata nafuu. Nogier hakumdharau mganga yule, wala hakuyakubali madai yake kwa upofu. Alijaribu, akalinganisha, kisha akachora ramani inayolifananisha sikio na mtoto aliye tumboni kichwa chini, kila sehemu ya sikio ikiwa na kiungo chake. Alitangaza matokeo yake mwaka 1956, na muda si mrefu Wachina nao wakayapokea na kuyaongezea yao. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Lyon ili kuoanisha majina ya nukta za sikio.

Leo matabibu wengi huunganisha njia hizo mbili. Mgonjwa wa mgongo huchomwa sindano mgongoni, miguuni na mikononi kwa nusu saa hivi, kisha hubandikwa mbegu ndogo sana kwa plasta kwenye nukta za sikio, akaenda nazo nyumbani na kuzibonyeza mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Sindano za mwili hufanya kazi mbele ya tabibu, na sikio huiendeleza tiba nyumbani.

Unga wa wakubwa na usiku wa kukata tamaa

Tusidhani kuwa maisha ya Huangfu Mi yalinyooka baada ya hapo. Katika zama zake ulienea mtindo wa wakubwa kula unga uliotengenezwa kwa madini, uliodaiwa kuongeza nguvu na kuchangamsha akili. Naye, kwa kutaka kupona, akautumia. Ukamdhuru vibaya. Katika barua yake kwa mfalme alieleza kuwa kwa miaka saba ameteseka kwa unga huo: katikati ya baridi kali alilazimika kuvua nguo na kula barafu kwa joto lililomwaka ndani, na wakati wa joto alizidiwa kwa dhiki na kikohozi.

Historia haikuficha kuwa mateso hayo yalimfikisha mahali pabaya, akataka kuikatisha roho yake kwa mkono wake. Aliyemzuia ni mama yule yule mlezi, mke wa ami yake. Alimsihi mpaka akaacha. Mama huyo alimwokoa mara mbili: mara ya kwanza kutoka kwenye ujinga, na mara ya pili kutoka kwenye kukata tamaa.

Baada ya hapo alifanya tena lile alilokuwa amelizoea. Aliandika juu ya madhara ya unga ule na namna ya kuwasaidia waliodhurika, akiwataja hata jamaa zake walioharibika kwa sababu yake. Hakuona haya kukiri kuwa naye alidanganyika.

Mfalme, jamaa na kaburi

Sifa yake ilifika katika jumba la Mfalme Wu wa dola ya Jin, naye akamwita mara nyingi ili ampe cheo. Kila mara Huangfu Mi aliomba udhuru kwa ugonjwa wake. Badala ya cheo alimwomba mfalme amwazime vitabu, na mfalme akampelekea gari zima. Aliendelea kusoma na kuandika, akaacha vitabu vya historia ya wafalme, maisha ya watu waliojitenga na dunia, na habari za wanawake wema. Wanafunzi wake kadhaa walikuja kuwa watu wakubwa katika dola.

Adabu yake kwa watu nayo ni ya kusimuliwa. Jamaa yake mmoja, Liang Liu, alipopewa ugavana, watu walimhimiza amfanyie karamu ya kumuaga. Akakataa, kwa hoja kuwa jamaa huyo alipokuwa mtu wa kawaida alimkaribisha kwa chumvi na mboga tu. Kumwandalia nyama leo ni kukiheshimu cheo na kumdharau mwenyewe.

Kabla ya kufariki aliandika wasia juu ya mazishi yake. Katika zama ambazo matajiri walizikwa na hazina zao, yeye alitaka asiwekwe katika jeneza. Aliomba azungushiwe mkeka, azikwe na kitabu kimoja tu kinachohusu kuwatendea wema wazazi, na ardhi isawazishwe bila ya kilima wala miti. Wanawe walitimiza wasia huo. Msomaji Muislamu, anayejua namna sheria yetu ilivyohimiza wepesi katika mazishi, hatakosa kuona busara ya mtu huyo.

Kitabu chake hakikuzikwa naye. Madaktari wa dola ya Tang walikisoma kama kitabu cha mafunzo, na sheria ya Japani ya mwaka 701 ilikiweka katika orodha ya vitabu vya wanafunzi wa tiba. Leo nukta za mwili zinazotambuliwa kimataifa ni 361, nyingi katika hizo zikiwa ni zile zile alizozipanga. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza tiba hii katika orodha ya turathi za binadamu. Hata kwetu ilifika, kwani tangu miaka ya 1960 China imekuwa ikileta madaktari wake Zanzibar na Tanzania Bara, na kwa mikono yao watu wetu wengi waliiona sindano hii kwa mara ya kwanza.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, mgonjwa si mtu aliyekwisha. Mwili wa Huangfu Mi ulikuwa nusu, lakini faida yake imeenea kwa zaidi ya miaka 1,700. Tuwape wagonjwa wetu kazi ya akili na ulimi: wafundishe wajukuu, wasimulie, waandike, waombe dua. Na tukiona dalili za kukata tamaa kwa mgonjwa, tusimwache peke yake. Tukae naye, tumsikilize na tumfikishe kwa daktari, kama alivyosimama mama yule.

Pili, si kila dawa inayosifiwa ni dawa. Mtu aliyekuwa hodari wa tiba alidhurika kwa unga uliopendwa na wakubwa. Nasi tuko katika zama ambazo kila pembe pana mtu anayeuza chupa inayoponya maradhi arobaini. Hata tiba ya sindano tuiweke mahali pake. Utafiti wa leo unaonesha kuwa inaweza kupunguza baadhi ya maumivu ya muda mrefu, kama ya mgongo, goti na kichwa, pamoja na kichefuchefu baada ya upasuaji. Lakini mara nyingi tofauti baina ya sindano halisi na ya kuigiza huwa ni ndogo, na ramani ya sikio wataalamu bado wanabishana juu yake. Haiponyi kisukari, saratani wala kifua kikuu, na asiache mtu dawa za hospitali kwa ajili yake.

Tatu, tujilinde. Anayekwenda kwa tabibu wa sindano ahakikishe kuwa ana sifa na kibali, na kwamba sindano ni mpya, inafunguliwa mbele yake na kutupwa baada ya kutumika mara moja, kwa kuchelea virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya kuguswa. Sindano ya kifuani ikizama sana huweza kutoboa pafu, na gegedu la sikio likipata uchafu huoza, kwa hiyo sikio likivimba na kuuma baada ya tiba mtu awahi hospitali.

Nne, wazazi wenzangu, tumkumbuke bibi yule wa ukoo wa Ren. Historia haikutuhifadhia hata jina lake kamili. Lakini lau si machozi yake mbele ya sinia la matunda, kusingekuwa na kitabu wala mwandishi. Mtoto anayeonekana leo kuwa hana faida huenda anangoja neno moja la huruma linalotoka kwa anayempenda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Awaponye wagonjwa wetu, Awape subira wanaowauguza, na Atupe elimu yenye manufaa. Yeye ndiye Mponyaji, na tiba zote ni sababu tu. Wallahu a'lam.